Naomba ushauri: Mzee wangu alipigana Vita vya Kagera, nifanyeje akumbukwe na Uganda?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbagala. Baba alivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda na jeshi letu mwaka 1979, akapigana mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11. Sasa magoti yamekwisha. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, anapiga pasi shati jeupe, anabandika medali yenye utepe uliopauka, anakaa barazani na redio. Hajawahi kudai kitu. Juzi akaniuliza, "Hivi Waganda wanatukumbuka?" Nilikosa jibu, ikaniuma sana. Natamani apate hata barua ya asante kutoka kule akiwa hai. Nianzie ubalozi wa Uganda hapa Dar, au kwanza jeshini wathibitishe utumishi wake? Kadi yake ipo, namba bado inasomeka.