Hilux LN106 (3L) naitaka iwe ya kwenda kulala porini, nianze na nini? Niko Mwanza

Ngosha wa Igoma
Wakuu habari za leo. Nina Hilux singo kebini, ile LN106 ya injini ya 3L, foo wili, springi za majani mbele na nyuma. Nimeichukua kwa jamaa alokuwa anabebea dagaa toka Mwaloni pale Kirumba kwenda Kahama, kwahiyo hali ya bodi ya nyuma mnaweza mkaielewa, nimeosha na sabuni, na ndimu, na magadi, bado jua la saa saba likipiga wife anagoma kupanda. Ila injini haina neno, asubuhi inawaka mara moja tu, oili haili, giaboksi iko vizuri, na zile loki za mbele za kuzungusha kwa mkono zinashika pande zote mbili.

Ninachotaka, mimi na wife na dogo wa miaka 7 tuwe tunatoka wikiendi tunaenda kulala huko huko. Serengeti kwa kuingilia geti la Ndabaka, siku nyingine tunapita daraja la Kigongo-Busisi tunatambaa Sengerema, Geita mpaka Chato kando ya ziwa, si mnajua sasa ivi hakuna tena habari za kupanga foleni ya kivuko. Mungu akijalia mwakani nifike ziwa Natron kwa kutokea Loliondo.

Sasa fundi mmoja Nyakato kanipigia hesabu: kuinua gari inchi nne, tairi za inchi 33, ngao ya chuma mbele, keria ya chuma juu na hema la kukunja juu yake. Kwa maneno yake "inakuwa chuma haswa". Bajeti yangu milioni tano na sio zote kwa mkupuo. Je nifate hiyo au kuna cha kuanza nacho? Naomba wenye uzoefu, sio wa kuniambia niuze ninunue Prado.

kapeto
Uza ununue Prado 😂😂

Natania mkuu. Hiyo harufu haitoki kwa ndimu, maji ya dagaa yameshaingia kwenye maungio ya bati. Ng'oa bodi yote, geuza chini juu, piga msasa mpaka uone chuma, kisha praima na rangi. Na ukiing'oa utaona chasisi ikoje nyuma ya kebini na pale springi za nyuma zinaposhikia, ndo sehemu zinazooza kwanza. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kwahiyo magari ya huku chasisi zinadumu kuliko ya Dar na Tanga, ila dagaa wanaotiwa chumvi ni kesi nyingine.

dizeli_kavu
Ngosha usikubali inchi nne. Ngoja nikueleze taratibu maana hapa watu wengi wanaharibu magari mazuri.

Kwanza jua una injini gani. 3L ni lita 2.8 haina tabo, nguvu yake ni kama farasi 90 ikiwa mpya, na yako sio mpya. Ni injini ngumu sana lakini haina haraka. Ukiivalisha tairi za 33 bila kubadilisha meno ya difu, gia ya tano utaiona kwenye mteremko tu, klachi itakuwa inaungua kila ukipanda kilima na rejeta itachemka.

Pili, piga hesabu ya uzito kabla ya kupiga hesabu ya hela. Hema la juu kilo 60, keria ya chuma ya fundi wa mtaani 70, kenopi (kibanda cha kufunika bodi ya nyuma) ya bati na paipu haikosi 100, maji lita 60 ni kilo 60, madumu mawili ya dizeli kama 34, betri ya pili 25, spea tairi ya pili 30, nyie watatu weka 170. Hapo ni kama nusu tani, na karibu robo ya huo mzigo, yaani hema na keria, iko juu ya kichwa cha gari, na bado hujaweka hata sufuria. Gari la hivo halihitaji kuwa refu, linahitaji springi zinazobeba na breki zinazoshika. Inchi mbili zinakutosha kabisa, na uzipate kwa springi zenyewe, sio kwa vitofali vya chuma chini ya springi za mbele wala kwa kurefusha shako (vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi), maana shako ndefu mbele zinalaza ekseli, stelingi inakosa kurudi yenyewe na gari linaanza kutangatanga barabarani.

Tatu, na hili hakuna fundi atakwambia. Lala chini ya gari nyuma uangalie juu ya difu. Kuna valvu ya breki imefungwa kwenye chasisi, ina mkono mrefu mwembamba wa chuma unaoshuka mpaka kwenye ekseli. Ile inapima mzigo. Ukipakia, chasisi inashuka, mkono unasukumwa juu, valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Sasa ukiinua gari bila kuugusa ule mkono, valvu inadhani gari tupu siku zote, wakati wewe umejaza hema na maji na familia, unakanyaga breki kwenye mteremko na mbele peke yake ndo inafanya kazi. Dawa yake ni ndogo mno, kipande cha chuma kinachoinua pale mkono unaposhikia kwenye ekseli kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Mafundi wengi wakiona gari halishiki wanaifunga na waya ikae wazi moja kwa moja, hapo ukiwa huna mzigo na mvua imenyesha nyuma inafunga na unageuka kuangalia ulikotoka. Na mipira ya breki irefushwe, usiache imevutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Tairi: 7.50R16 zenye tyubu. Ni ndefu, nyembamba, zinabeba, na fundi yeyote wa pancha kijijini anaziba. Ila kumbuka kama sasa una 205R16, hizi zina urefu zaidi kwa karibu asilimia 9, kwahiyo dashi ikisema 50 wewe uko 54, na tochi za trafiki pale Magu na Lamadi unazijua.

kijana wa Magu
Mkuu dizeli umeongea vizuri ila tairi nyembamba mbona kwenye mchanga wa ufukweni zinazama? Mimi nina 31 pana kwenye Surf na nashuka mpaka majini nikitaka.

dizeli_kavu
Pana ni nzuri mchangani sibishi. Lakini hata hiyo nyembamba ukitoa upepo mpaka PSI 18 au 20 inajilaza na kurefuka, inapita, mradi uwe na pampu ya kurudishia kabla hujapanda lami. Sasa yeye safari zake nyingi ni tope na mawe. Kwenye tope la juu juu nyembamba inakata mpaka inapata chini pagumu. Na ule udongo mweusi wa mbuga, kuanzia huko kwenu Magu mpaka Kirawira ndani ya Serengeti, ukiloa vizuri haujali tairi gani, unajaza meno yote tairi inakuwa laini kama andazi. Pale dawa ni kuzima gari, kuchemsha chai, kusubiri jua. Mwezi wa tatu mpaka wa tano hiyo njia ya magharibi Serengeti ukienda na gari moja unatafuta makubwa.

Mama Safari
Mdogo wangu Ngosha shkamoo hamna ila mie nikupe upande wa kulala maana wanaume mkianza springi hamwishi.

Hema la juu achana nalo. Una singo kebini, bodi yako ina zaidi ya mita mbili kwa urefu, mtu mzima anajinyoosha. Tengeneza kenopi ya skwea paipu na bati jepesi, au hata fremu na turubai zito la lori, wanaoshona maturubai mjini wapo. Ndani weka marini bodi ya mm 18, droo mbili chini, godoro la sponji juu. Wife na dogo wanalala ndani, wewe hema dogo la chini au mnabanana watatu. Usiku dogo akitaka kujisaidia hashuki ngazi gizani.

Vumbi sasa. Hiyo ndo itakayowafukuza, sio simba. Gari likikimbia linavuta vumbi kwa nyuma, na mlango wa nyuma wa Hilux una upenyo pembeni na chini, mkifika mnakuta godoro jekundu. Nunua ile raba ya kuzungushia milango ya magari, bandika mlango mzima. Kisha toboa kidirisha kidogo mbele ya kenopi, juu ya kebini, chenye kifuniko. Ukiwa rafu rodi unakifungua, upepo unaingia kwa mbele na kusukuma vumbi litoke. Usiendeshe ukiwa umeacha dirisha la nyuma wazi na la mbele limefungwa, unavuta moshi wa ekzosi wote ndani.

Na tafadhali jiko la mkaa lisiingie ndani ya kenopi hata kama mvua inanyesha na hata kama "limeshazima". Watu wanalala moja kwa moja.

Halafu rangi. Najua utanunua turubai la bluu maana ndo limejaa madukani. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na wanafata kitu kinachotembea. Ukipita nalo huko magharibi mwa Serengeti utakuwa umewabebea bendera. Chukua la kaki au kijani kilichofifia.

Kandokando ya ziwa usipaki kwenye majani mafupi mazuri yaliyolala kama zulia. Mkata nyasi wa pale ni mnyama kiboko na zamu yake ni usiku. Panda juu kwenye mawe, na muulize mwenyeji au mwenyekiti wa kijiji kwanza. Dogo asichezee maji kwenye matete, kichocho kipo.

Ngosha wa Igoma
Asanteni sana, Mama Safari nakupa shikamoo japo umeikataa. Hilo turubai la bluu nilikuwa nimeshalilenga kabisa pale Makoroboi.

Naona niachane na hema la juu na inchi nne. Swali la nyongeza: nikifika spidi 70 hivi na nikakanyaga shimo, stelingi inatetemeka mpaka nipunguze ndo inaacha. Na kule kwenye tairi za mbele kwa ndani kuna grisi nyeusi inavuja kwenye rimu. Fundi anasema alaimenti. Pia nataka friji dogo la betri, je niweke betri ya pili?

dizeli_kavu
Hiyo sio alaimenti, hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Ekseli yako ya mbele ina yale madonge ya duara nyuma ya tairi, ndani yamejaa grisi na ndo mnapogeukia stelingi. Yana bearingi juu na chini. Zikilegea, tairi inacheza, na ile mipira ya kufutia grisi inaacha kuziba. Inua gurudumu na jeki, shika tairi juu na chini, lisukume. Likicheza, kwanza kaza bearingi za hubu, bado likicheza fungua donge. Kuna vibati vyembamba vya kupangia mkazo, fundi asivitupe wala asichanganye vya kulia na kushoto. Badilisha bearingi, sili, grisi mpya, angalia na tairodi. Hii ndo ifanywe KABLA ya springi na kabla ya kitu chochote kingine. Na ukishaweka tairi ndefu kabla hujarekebisha hiyo, mtetemo unakuwa mara mbili.

fundi umeme Buzuruga
Nijibu la betri. Friji dogo la kushindilia gesi linakula kama ampea 4 likiwa linazunguka, na halizunguki muda wote. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu la sivyo inakufa mapema, hiyo nusu inakuvusha usiku mpaka asubuhi bila wasiwasi. Weka relei ya kuitenganisha na ya kuwashia gari ili friji lisikuache porini. Waya uwe mnene, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, PANDE ZOTE MBILI, maana hata ya pili ina moto wake. Nimeona kenopi imeungua kwa waya wa spika uliopitishwa kwenye tundu la bati bila raba. Kama huna haraka anza na boksi la barafu, barafu ya samaki Mwanza hii utakosaje.

kapeto
Ukibadilisha rangi usisahau kadi ya gari, rangi ibadilishwe TRA isije ikawa kadi nyeupe gari kijani ukasimamishwa kila kituo. Na dogo asikae nyuma kwenye godoro mkiwa mnatembea, watu watatu mnaenea mbele kama mna siti ndefu. Getini Serengeti usiende na taslimu mkononi, malipo ni kwa kadi au namba ya malipo, na ukiwa ndani hamna kuacha barabara hata kama una foo wili ya namna gani.

Ngosha wa Igoma
Siti ndefu ninayo. Basi naanza na yale madonge ya mbele na breki, halafu bodi ing'olewe. Mkuu dizeli hizo springi niagize za kilo ngapi?

dizeli_kavu
Usiagize bado. Tengeneza kenopi, pakia kila kitu mpaka maji na watu, kisha pima kwenye mzani wa gari, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Viwanda vya pamba na mchele vyenye mzani vipo, ukiongea nao vizuri wanakupimia. Lete namba zote mbili hapa.