MJADALA: Mwanafunzi asiyejua asomee nini, apewe muda au achague siku ya kwanza?

Mleta mada: Wadau, kijana anaingia chuo na hajui asomee nini. Wapo wanaosema aonje kwanza. Wapo wanaosema achague papo hapo, akikosea shauri yake. Mifumo yote miwili ipo. Marekani vyuo vingi vinamruhusu kukaa bila fani hadi mwisho wa mwaka wa pili. England unaomba chuo ukiwa umeshataja fani, na shahada nyingi ni miaka mitatu. Scotland ni minne, na ile ya mwanzo unachanganya masomo.

Mimi nasema apewe muda, ila asiachiwe tu orodha ya masomo na maneno ya "fuata moyo wako". Huo ni ushauri wa mtu anayetaka kufunga ofisi mapema.

Tatizo ni kwamba fani hazingoji sawasawa. Historia unaweza kuianza mwaka wa pili ukamaliza na wenzako. Uhandisi haukubali: bila kalkulasi ya kwanza huingii ya pili, na bila fizikia hugusi mekanika. Tena masomo mengine yanafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, ukilikosa moja unasubiri hadi mwakani. Kwa hiyo mwenye hata wazo dogo la uhandisi au udaktari aanze na hesabu na kemia. Akihamia fasihi baadaye, njia bado iko wazi. Anayetoka fasihi kwenda uhandisi ndiye anayeanza moja.

Mchangiaji wa 1: Napinga. Muda huo analipa nani? Hukohuko Marekani ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ina kikomo, sawa na mihula 12 ya masomo ya muda wote. Ukionja miaka miwili, ukachagua, kisha ukabadili tena, msaada unakatika hujamaliza. Achague, afanye kazi. Mapenzi ya fani huja na kuijua.

Mchangiaji wa 2: Kuchagua mapema hakumfungi mtu. Takwimu za serikali ya Marekani zilizotolewa 2017 zinaonyesha kuwa asilimia 30 hivi ya waliokuwa wameshatangaza fani waliibadili angalau mara moja ndani ya miaka mitatu. Na mchumi Ofer Malamud alilinganisha wahitimu wa England na Scotland: wa England, waliochagua mapema, ndio zaidi walioangukia kazi zisizohusiana na walichosomea. Gharama ipo palepale, imesogezwa mbele tu.

Mchangiaji wa 3: Mleta mada, hapo kwenye hesabu umeteleza. Unamtupa kijana asiye na uhakika kwenye kalkulasi muhula wa kwanza, anafeli, wastani unaporomoka, halafu anaamini hafai kwa lolote.

Mchangiaji wa 4: Si kuna madodoso? Lile la mwanasaikolojia John Holland linawagawa watu makundi sita kwa wanachopenda, unajaza unaona ulipo.

Mleta mada: Wa 4, dodoso linakuambia unapenda nini, halikuambii utavumilia nini. Litumie kupunguza orodha, basi.

Wa 3, hoja yako nzito. Wa hesabu dhaifu aanze na somo la maandalizi, na asibebe masomo mengine mazito muhula huo. Ila kumficha hesabu ni kumfungia milango bila kumwambia.

Wa 1, tunaweza kuokoa muda bila kulazimisha. Mpe mitihani ya mwaka wa mwisho ya fani tatu anazozifikiria. Si ajibu, aone wanaulizwa nini. Kwenye uhasibu atakuta hesabu za kampuni mama na tanzu zake, aziunganishe ziwe kitabu kimoja. Kwenye sheria atasoma hukumu ya kurasa 30 akitafuta aya moja yenye sababu ya uamuzi. Kisha akae darasa moja la mwaka wa tatu, kiti cha nyuma. Mwaka wa kwanza masomo mengi ni utangulizi, yanapendeza yote.

Mchangiaji wa 1: Hiyo ya mitihani naikubali. Lakini ifanyike kabla ya ada ya muhula wa pili.

Mchangiaji wa 3: Na mshauri wa masomo mmoja mwenye wanafunzi mia kadhaa, atamkalisha nani na mitihani hiyo?