MJADALA: Gari ya spoti ya zamani kwa bajeti ya mwanachuo hapa Tanga, bodi kwanza au injini kwanza?

Wadau naomba tulijadili hili hapa maana vijiweni linaishia kwa kupigiana kelele tu. Mwanachuo mwenye hela ya mawazo, milioni 6 au 7 aliyoikusanya kidogo kidogo, akitaka gari ya spoti ya zamani achague kwa kigezo gani? Kila unayemuuliza hapa mjini anakwambia angalia injini, injini ikiwa nzima chukua. Mimi napinga, tena napinga kabisa. Kwa Tanga hii yetu bodi ndo ya kwanza, injini inafuata.

Kuna atakayesema kwanini usiagize Japani ukapata iliyotunzwa. Hesabu haikubali. Gari ndogo ya abiria ikizidi miaka 10 inapigwa uchakavu (kodi ya umri wa gari) 30%, hapo kuna ushuru wa forodha 25%, kuna ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000, alafu VAT 18% inakaa juu ya vyote. Nilikaa na kikokotoo nikapiga, kodi peke yake inakaribia kulingana na thamani ya gari yenyewe ikifika bandarini, bila ule uchakavu ingekuwa kama 55%. Wapo wanaosema uchakavu ni sawa nchi isiwe jalala, na kweli hapo tu ukivuka Horohoro, Kenya, gari iliyozidi miaka 8 haiingii kabisa, sisi angalau mlango tumeachiwa. Lakini bado naona haki haijatendeka Toyota Celica ya 1994 iliyolala bandani ihesabiwe sawa na mkweche wa mwaka huohuo, wangeangalia na hali ya gari sio umri peke yake. Kwa sasa tunabaki na zilizopo nchini, namba B, namba C (zilizosajiliwa miaka ya nyuma), na hapo ndo suala la bodi linapokuja.

Mwaka jana kulikuwa na Celica ST202 nyekundu inauzwa Raskazone, kule ufukweni, dalali anataka milioni 6 na nusu. Injini ni 3S-FE, ukigusa ufunguo tu imewaka, moshi hakuna, oili safi. Nilishaipenda mpaka usiku silali. Nikaenda na fundi wa bodi, mzee wa Ngamiani ambaye likizo huwa namsaidia kupiga msasa. Yule mzee boneti hata hakuifungua. Alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio ameizungushia kitambaa, akaanza kuipitisha taratibu kutoka mlangoni kwenda nyuma. Mlangoni inanata vizuri, ikifika juu ya tairi la nyuma inateleza inamdondokea mkononi, akarudia mara tatu palepale. Akachutama, akaingiza kidole gumba kwa ndani ya ule upinde wa tairi akabonyeza, pakalia kama mtu amevunja kashata, kikatoka kipande cha poti (ule udongo wa kuzibia bodi) kina rangi nyekundu upande mmoja na upande wa pili kutu tupu, na nyuma yake bati hakuna, unaona tairi. Akaniwekea kiganjani.

"Mwanangu, injini hata kesho nakuletea. Hii nitakuletea kutoka wapi?"

Na ndo ukweli wenyewe. 3S-FE ipo kwenye RAV4 za zamani, ipo kwenye Noah zile za kizamani, spea zake unazipata bila kuhangaika na hata injini nzima ya kubadilisha unaipata. Sasa nenda katafute fenda la nyuma la Celica. Halafu chumvi ya upepo wa bahari ikishakaa kwenye bati inavuta unyevu, kwa hiyo hata kiangazi bati linabaki na maji maji na kutu inaendelea kula kimya kimya chini ya rangi mpya. Ndo maana gari iliyolala nje Raskazone miaka mitano mimi naiogopa kuliko inayokula oili.

Kwa hiyo kwa bajeti yetu mimi naiweka Toyota Altezza mbele, hizi za 1998 mpaka 2005. Vijana wanaikimbilia RS200 kwasababu ya nguvu za farasi 210 na gia 6, nawaelewa, ila ile 3S-GE yake sio 3S ya kwenye RAV4, ikikufia utajua hujui. Chukua AS200, ina 1G-FE ya silinda 6, injini ileile ya Mark II GX110 na Verossa, kila gereji wanaijua. Utaambiwa ni nzito haikimbii, ni kweli farasi ni kama 160 tu, lakini bado inasukumwa na matairi ya nyuma na kona za Lushoto utazifurahia. Wanaosema Altezza sio klasiki nawauliza, gari iliyokuwa gari ya mwaka Japani 1998, imeshavuka miaka 20, inataka nini tena?

Mazda MX-5 naipenda sana, za mwanzo zina kilo 940 hivi tu, ila sishauri kwa hapa. Paa lake ni turubai, maji ya mvua yanapita kwenye vimifereji nyuma ya viti, vikiziba maji yanaingia kwenye vizingiti vya milango na vinaoza kuanzia ndani, sasa ongeza na masika ya Tanga.

Hoja ya "mwanafunzi na gari wapi na wapi" naiheshimu. Boom (mkopo wa kujikimu chuoni) ni 10,000 kwa siku, petroli lita ikiwa karibu 3,000, yani boom ya siku nzima ni lita 3 na hujala. Mimi jibu langu ni kwamba chuo naenda kwa baiskeli kama watu wote, Tanga ni tambarare, gari inatoka Jumamosi. Asiyeweza kuishi hivyo achukue Vitz. Na kabla hujatoa hata shilingi angalia jina kwenye kadi, angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, hayo hayahitaji fundi.

Sasa natafuta Altezza au Celica iliyokaa bara, mbali na bahari. Walioko Moshi, Arusha na Dodoma nijibuni, huko kwenu upinde wa nyuma mkipitisha sumaku inanata? Na anayesimamia injini kwanza aje aniambie lile fenda analipata wapi.