Ujiji: Azam, DStv au StarTimes? Na mwembe uko upande wa ziwa

Dagaa_Kigoma
Wakuu, salaam. Kinatafutwa king'amuzi cha nyumbani hapa Ujiji. Nyumba ya bati, TV inchi 32. Mzee anataka Ligi Kuu Bara, mama anataka tamthilia za Kiswahili, watoto katuni. Ligi ya Uingereza ikiwepo ni heri, isipokuwepo hatununi. Tatizo ni mwembe mkubwa upande wa ziwa: umezidi paa kwa kama mita 8, shina liko mita 6 kutoka ukutani. Mwenye mwembe hataki kusikia neno shoka. Tuchukue kampuni gani, dishi au antena?

Fundi_Mwanga
Mkuu, usianze na wingi wa chaneli. Anza na mpira, maana ndio unaogawa kampuni hizi. Ligi Kuu Bara iko Azam. Mkataba wao na TFF (shirikisho la soka) ulisainiwa 2021, wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo mzee wako hana pa kwenda kwingine. Ligi ya Uingereza iko DStv kwenye SuperSport. StarTimes sifa yake ni vifurushi vidogo vidogo na katuni za kutosha, lakini kwa mpira wa mzee haikusaidii. Tamthilia za Kiswahili zipo kwa wote watatu, mama asiwasumbue kwenye uamuzi huu. Chukua Azam ya dishi.

Sasa mwembe. Satelaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki. Kutoka Kigoma dishi linatazama magharibi, limepinda kidogo kaskazini: dira isome karibu 281, mwinuko nyuzi 63. Yaani linatazama ziwani kwenda Kongo, lakini juu sana. Kwa mwinuko huo, kila mita 2 za mti zinazozidi dishi zinahitaji mita 1 ya umbali. Mwembe wako umezidi mita 8, basi unahitaji mita 4 na ushee. Ukihesabu kutoka kwenye shina umesalimika, ila mawimbi hayazuiwi na shina, yanazuiwa na majani. Matawi ya mwembe yanaweza kutanda mita 4 kila upande, hapo zimebaki mita 2 tu. Usifunge ukuta wa ziwani. Funga ukuta wa nyuma, upande wa mashariki, dishi lichungulie juu ya paa. Umeongeza upana mzima wa nyumba na mzee wa mwembe analala usingizi.

Isevya_Tbr
Naongezea kwa wa Tabora wanaosoma: huku Azam ni dira 280, mwinuko 59, kwa hiyo mti unahitaji nafasi zaidi kidogo.

Ila mkuu Fundi, umeruka DStv haraka mno. Kwa mtu mwenye miti DStv ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu satelaiti yake ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini mwetu. Kigoma mwinuko ni nyuzi 80 na nusu, uelekeo kama 53 (ukisimama Ujiji ni kama unatazama Kasulu). Tabora ni nyuzi 83. Mwembe hauzuii kitu hapo labda dishi liwe chini ya mwembe wenyewe. Shida mbili tu. Kwanza, mabano mengine ya bei rahisi hayalali kiasi hicho, yanagoma kabla hujafika. Jaribu bano dukani kabla ya kulipa. Pili, vijana hupoteza saa nzima wakizungusha dishi kushoto kulia. Kwa mwinuko wa 80 kuzungusha hakubadilishi sana: ukikosea uelekeo kwa nyuzi 10, angani umekosea nyuzi 1.6 tu. Kinachotakiwa ni mwinuko uwe kamili. Weka mwinuko kwanza, halafu zungusha.

Na usidanganywe kuwa dishi moja litabeba Azam na DStv kwa LNB mbili (LNB ni kile kichwa cha kupokelea mawimbi mbele ya dishi). Zimeachana nyuzi 29, hilo ni dishi mbili.

Fundi_Mwanga
Hapo kwa DStv nakubali, lakini mteja hana haja ya SuperSport, atalipia nini?

Kasulu_Antena
Antena msiidharau. Azam na StarTimes wote wana ving'amuzi vya antena. Mjini Kigoma ukiuona mnara vizuri, antena inatosha, haina habari za nyuzi wala mwembe. Kikwazo ni vilima: ukiwa bondeni picha inaganda. Na muhimu kuliko yote: king'amuzi cha antena hakiingii kwenye dishi, na cha dishi hakiingii kwenye antena, hata kama nembo ni ile ile na tundu linafanana. Soma boksi. DVB-T2 ni antena, DVB-S2 ni dishi. Kosa hili ndilo linalojaza ving'amuzi vya "vibovu" kwa mafundi.

Dagaa_Kigoma
Asanteni wakuu. Basi Azam ya dishi, ukuta wa mashariki. Waya utafika mita 25 mpaka sebuleni. Nini huharibika, na mvua za masika inakuwaje?

Fundi_Mwanga
Mita 25 si tatizo ukinunua waya wa dishi aina ya RG6 wenye waya wa kati wa shaba, kipande kimoja, bila kiungo katikati. Ule wa chuma uliopakwa shaba hupunguza umeme unaopanda kwenye LNB. King'amuzi hupeleka volti 13 kwa chaneli za mawimbi ya wima na 18 kwa za mawimbi ya ulalo. Zikishindwa kufika vizuri, utaona kundi zima la chaneli limepotea na jingine linacheza safi. Watu husema "kampuni imezikata", kumbe ni waya.

Konekta: acha waya wa kati utokeze milimita 6 hadi 8, na hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa ile nyavu ya waya inayouzunguka unaougusa. Ukigusa ni shoti, LNB haipati kitu. Funga konekta ya nje kwa tepu ya mpira, kisha uache waya uning'inie mkunjo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke hapo yasifuate waya.

Nguzo isimame wima kwa pimamaji, tena pima pande mbili. Ikilala, namba zote nilizokupa hapo juu hazina maana. Fisha na skrubu ziingie kwenye tofali, si kwenye plasta. Bati usiliguse, linatikisika kwa upepo wa ziwa.

Sasa kosa la watu wa huku: LNB ya Azam haikai wima kama kwenye picha za karatasi ya maelekezo. Kwa kuwa satelaiti iko mbali magharibi na sisi tuko karibu na ikweta, LNB lazima izungushwe karibu robo duara, kama nyuzi 77. Ukishapata mawimbi, legeza kishikio, izungushe polepole na mtu aangalie bari ya ubora, si ya nguvu. Nguvu inaweza kujaa hata kwa satelaiti isiyo yako.

Mvua: matone mazito hunyonya mawimbi haya, hakuna kampuni inayosalimika. Dawa ni akiba ya mawimbi. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara 2.25 ya la 60, kwa hiyo picha itakatika dakika chache badala ya mvua nzima. Radi ikianza chomoa vyote viwili, plagi ya umeme na waya wa dishi.

Isevya_Tbr
Na kuanzia kama tarehe 20 Machi, na tena karibu tarehe 20 Septemba, picha ya Azam ikikatika dakika kadhaa karibu saa 9 alasiri na mbingu nyeupe, usipande juu ya paa. Jua limepita nyuma ya satelaiti, linaondoka lenyewe.

Kasulu_Antena
Ukilipa kifurushi kwa simu, acha king'amuzi kimewaka kwenye chaneli ya kulipia. Amri ya kufungua inakuja kwa mawimbi yale yale. Kikiwa kimezimwa hakiipokei, nawe utapiga huduma kwa wateja bure. Wa DStv, namba za kosa kwenye skrini: E16 ni habari ya malipo, E48-32 ni mawimbi hayafiki, hapo ndipo unapoangalia waya.