Themokapo ya tanuru inateleza kwenye fitingi

Swali: Wakuu, nina themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti) aina ya K, shina la chuma cha pua la milimita 6, ubavuni mwa tanuru la nyuzijoto 900. Fitingi ya kubana ina feruli (pete inayolibana shina) ya tefloni. Tanuru likishika moto shina linateleza nje na kipimo kinashuka. Nikaze zaidi?

Jibu: Usikaze. Tefloni mwisho wake ni nyuzijoto 260 hivi, ikipita hapo inalegea tu. Weka feruli ya chuma cha pua: kaza nati kwa mkono, kisha kwa spana mzunguko mmoja na robo (nyingi ndivyo zilivyo, soma karatasi yake). Pima kina kwanza, maana feruli ya chuma ikishauma shina haisogei tena. Ndani ya chumba ziingie angalau milimita 60, unene wa ukuta usiuhesabu.

Jibu: Na tundu la ukutani ulijaze sufi ya kauri kuzunguka shina, bila kushindilia. Hewa ya moto ikivuja hapo inababua kichwa cha kuungia nyaya.

Muuliza: Kichwa kweli kimebabuka. Nikihamia bomba la kauri badala ya shina la chuma?

Jibu: Basi feruli ya chuma sahau, italipasua. Tumia flanji (bamba la kulifungia ukutani), na ukiliingiza tanuru likiwa moto, lisukume polepole sana.