Besi wetu hawezi tena kusema Kanuni ya Imani. Nimwache aendelee kuimba?

Mwalimu_Solfa
Shalom wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwenu Waanglikana, ila yeyote aliyewahi kufundisha kwaya anakaribishwa.

Nafundisha kwaya katika mtaa mmoja Dar es Salaam. Waumini wetu wametoka kila upande. Wa Muheza na Masasi wamelelewa na misa: uvumba, kengele, Salamu Maria. Wa Dodoma na Mpwapwa wamelelewa na tenzi, mahubiri na ushuhuda. Vijana wa pande zote wanataka kinanda, gitaa na nyimbo za kuabudu nusu saa nzima. Hayo nimeyazoea, tunapeana zamu Jumapili hadi Jumapili.

Lililonileta ni hili. Kaka mmoja, mwimbaji wetu wa sauti ya besi kwa miaka mingi, alifiwa na mwanawe mwaka jana. Siku moja baada ya mazoezi alibaki tukikunja mikeka, akaniambia: "Mwalimu, nikiimba naweza. Nikisema 'nasadiki' sauti haitoki. Sijui kama bado naamini." Tangu hapo namwona, wote wakikiri imani yeye anatazama sakafu.

Sasa mzee mmoja wa kanisa ameliona hilo. Anataka nimwandikie barua ya kumsimamisha mpaka atubu. Anasema anayemwimbia Mungu asichokiamini anasema uongo altareni. Sikukuu ya mtaa ni wiki tatu zijazo na yeye ndiye mwenye solo. Hoja ya mzee siipuuzi, ila moyo wangu unakataa.

Neno_Tu
Andika barua. Kwaya ni huduma, si faraja ya mtu.

Mbondei77
Pole sana Mwalimu. Mimi nimekulia kwenye misa ya kuimba, na kwetu siku za sikukuu Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani, huimbwa, haisemwi. Kama ndugu yetu kuimba anaweza, iimbeni. Msimtangazie sababu.

Mama_Tupendane
Mimi ni wa Dodoma, upande wa CMS (wamisionari Waanglikana wa tenzi na mahubiri), na nakiri nilisoma nikiwa tayari kumuunga mkono mzee. Kwetu wimbo ni ushuhuda, ndiyo maana uamsho uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ulienea kwa nyimbo kuliko kwa vitabu. Solo nisingempa kwa sasa, maana anayesimama peke yake anasema kwa niaba yetu sote. Lakini barua! Mtu kazika mtoto, halafu kanisa linampelekea barua? Nendeni nyumbani kwake. Kaeni. Kama hamjui la kusema, msiseme.

Mjukuu_wa_Masasi
Mwalimu, nikuulize: ikisaliwa Salamu Maria hapo kwenu, ni wangapi hufunga midomo? Na uvumba ukipita? Hao umewahi kuwaandikia?

Wengi hatujui tulikotoka. Mwaka 1913 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu ya mkutano uliofanyika Kikuyu, Kenya, ambako Wapresbiteri na Wamethodisti walikaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Uzushi, si kutoelewana tu. Na mwaka 1970 Tanzania ilipopata jimbo lake, watoto wa UMCA (wamisionari Waanglikana wa upande wa misa) na wa CMS wakawa chini ya askofu mkuu mmoja wa kwao, John Sepeku. Hakuna aliyelazimika kwanza kuimba kila wimbo wa mwenzake. Huyo kaka amefunga mdomo kwa uchungu, wengine tunaufunga kwa ubishi. Kati yetu sijui nani anastahili kusimamishwa.

Binti_Mvita
Naongezea kutoka Mombasa. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 kutunga Kanuni ya Imani waliandika "twaamini", kwa wingi. "Nasadiki" ya mmoja mmoja ilizoeleka baadaye katika ibada. Mimi nilipougua sana sikuweza kusali hata Baba Yetu, kina mama wakaja kunisalia pembeni ya kitanda. Nilikuwa nasikiliza tu. Mwacheni asimame katikati ya watu wanaoamini.

Mwalimu_Solfa
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Mrejesho: Jumamosi nilikwenda kwake na kasisi. Mzee wa kanisa aliomba kufuatana nasi, sikumzuia. Imani hatukuigusa. Tulionyeshwa picha za mtoto, na mzee ndiye aliyekaa nazo muda mrefu zaidi. Bado anasema kanuni ni kanuni, ila ya barua hajayarudia.

Mama Tupendane, nimekusikia, na wewe Binti Mvita pia: solo wataimba besi wote watano kwa pamoja. Nilipomwambia alishusha pumzi, akauliza kama tunaweza kupandisha ufunguo kidogo, maana wale wadogo hawafiki chini. Tumeupandisha.

Mbondei77, una nota za hiyo Nasadiki kwa solfa, sauti nne? Mazoezi ni Jumanne.