Mjadala: Je, fedha za umma zinunue kompyuta za ARM ambazo mwenye nazo hawezi kubadilisha mfumo?

Mleta mada, mwalimu wa TEHAMA:

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo naona linapita kimyakimya kila shule inapopelekewa vifaa. Hoja yangu ni kwamba fedha za umma zisinunue kompyuta mpakato, kishikwambi wala kompyuta ndogo yoyote yenye prosesa ya ARM (aina ya chipu iliyozoeleka kwenye simu) ikiwa mwenye mashine hawezi kufungua kufuli la kuwashia, yaani ukaguzi unaokataa mfumo usio na saini iliyoidhinishwa, na kuweka mfumo mwingine, au ikiwa keneli rasmi ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo huria kinachoongoza vifaa, haiitambui mashine hiyo. Masharti hayo mawili yaandikwe kwenye sifa za zabuni kabla bei haijazungumzwa.

Nieleze kwanza kwa nini naitaja ARM peke yake. Kompyuta za Intel na AMD zina desturi ya pamoja: ukichomeka flashi yenye Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, programu iliyo kwenye ubao huikabidhi Linux maelezo ya vifaa vilivyomo, na mfumo hupanda, yaani huwaka, bila kujali mashine ilitengenezwa na nani. Kwenye ARM desturi hiyo haikuwepo kwa miaka mingi. Kila mtengenezaji wa chipu alipanga vifaa vyake alivyotaka, na keneli haiwezi kupapasa gizani ikajua skrini imefungwa wapi au ni pini ipi inayoiwasha Wi-Fi. Lazima ipewe faili dogo la maelezo, ambalo mafundi huliita divaisi trii, na faili lenyewe liwe la modeli hiyo hasa. Mwaka 2011 vurugu hizo zilifika mahali ambapo Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alizilalamikia hadharani, na ndipo watunzaji wa keneli ya ARM walipokaza mwendo wa kuyatoa maelezo hayo ndani ya msimbo na kuyaweka kwenye mafaili ya pembeni. Ndiyo maana hadi leo anayepakua Armbian, Linux ya bao ndogo za ARM, huchagua kwanza aina ya ubao alionao.

Hilo nililijua kwa vitendo. Shule yetu ilipewa ubao mmoja mdogo wa msaada, yaani kompyuta nzima ya ARM kwenye ubao mmoja, usio wa jamii ya Raspberry Pi inayojulikana zaidi. Niliandika mfumo kwenye kadi ya kumbukumbu, nikauwasha. Taa ya kijani ikamemeta mara mbili tatu, skrini ikabaki nyeusi. Fundi mmoja akaniazima kebo ya USB yenye nyaya tatu, ya kusomea ujumbe wa ubao kwenye kompyuta nyingine, tukaziunganisha kwenye pini za kutuma, kupokea na ardhi, tukaweka kasi ya biti 115200 kwa sekunde, na maandishi yakaanza kuteremka: kumbukumbu imeonekana, kadi imesomeka, keneli imepakiwa, keneli inaanzishwa. Baada ya mstari huo, kimya, na kimya hicho kilitushinda jioni nzima. Kumbe divaisi trii iliyokuwemo ilikuwa ya ubao ndugu, wa mtengenezaji yuleyule, uliotofautiana na wetu kwa herufi moja ya jina. Tulipobadilisha faili hilo moja, mfumo ulipanda kabla ya dakika kwisha, na wanafunzi waliokuwa wamebaki dirishani wakapiga makofi.

Kosa lile tuliweza kulitafuta na kulisahihisha kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mlango ukifungwa, hakuna kebo wala fundi atakayesaidia. Mwaka 2012 Microsoft ilileta Surface RT, yenye chipu ya ARM na mfumo wa Windows RT. Kwa kompyuta za Intel za wakati huo, masharti yake yaliwataka watengenezaji wampe mtumiaji njia ya kuzima ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha. Kwa ARM yalikataza kabisa njia hiyo. Msaada wa mfumo huo ulikoma Januari 2023, na chuma kilichokuwa bado kizima, chenye kioo kizuri na betri inayoshika, kikabaki na mfumo ambao hakuna tena anayeuziba matundu.

Sisi hapa Tanzania tuna vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo baadaye waligawiwa walimu. Lilikuwa jambo jema, na nawaona wenzangu wakivitumia kila siku kuandalia masomo. Lakini siku masasisho ya Android yatakapokoma, nani atakuwa na uwezo wa kuvipa maisha ya pili? Swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kununua, na nataka liulizwe kwa kila kinachonunuliwa kuanzia sasa.

Mchangiaji wa kwanza, fundi kompyuta:

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa mada. Nakubaliana na uchungu wako, ila dawa yako siikubali. Kama shida ni ARM, kwa nini tuhangaike kuandika masharti ya kuifuga badala ya kuiacha? Kompyuta mpakato ya mtumba yenye Intel, iliyotoka kwenye ofisi za Ulaya, hapa kwangu ninaiwekea Linux Mint huku tukinywa chai, na kikombe hakijaisha kibodi, sauti na Wi-Fi vinafanya kazi. Ikiharibika, kila mji una mtu mwenye kioo na chaja yake. Ubao wa ARM ukiungua, shule inasubiri posta.

Tena hizo bao ndogo zinasifiwa kwa bei ambayo si kamili. Raspberry Pi ilipozinduliwa Februari 2012 kwa dola 35, watu walisahau kwamba bei hiyo haina skrini, haina kibodi, haina kadi wala chaja. Nimeletewa Raspberry Pi 4 nyingi ambazo wenyewe wanasema ni mbovu; ninaziwasha, nakuta pembeni ya kioo ile alama ya radi ya manjano inayoonyesha kwamba umeme unaoingia ni hafifu, kwa sababu wamezichomeka kwenye chaja ya simu ya ampea 1 ilhali zinataka 3. Halafu kuna kadi: umeme ukikatika mara mbili kwa siku katikati ya kuandika, kadi inakufa na mfumo wote unaenda nao. Kompyuta mpakato ina betri ndani yake, haijui kama umeme umekatika.

Mimi ningesema hivi: kwa shule, Intel na AMD tu, mpaka ARM ijifunze adabu.

Mchangiaji wa pili, afisa TEHAMA wa halmashauri:

Wapendwa, naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaowajibika vifaa vinapopotea. Kufuli mnalolilaumu ndilo linalofanya mashine iliyoibwa isiwe na soko. Kifaa ambacho hakikubali mfumo mwingine, na ambacho kikiwashwa kinadai akaunti ya shule, mwizi hana pa kukipeleka. Mkilazimisha kila mashine iwe wazi, nawahakikishia kwamba muhula haujaisha tutakuwa tunaandika taarifa za polisi. Vilevile mwanafunzi mtundu akiweza kuweka mfumo wake, vichujio vyote vya intaneti tulivyoviweka vimekwisha kazi. Naomba mleta mada alijibu hilo kwanza.

Mleta mada:

Nashukuru sana, na naanza na mama wa halmashauri kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito zaidi.

Sikusema mashine ziwe wazi kwa kila anayezigusa. Nilisema mwenye mashine aweze kuzifungua, na mwenye mashine ya shule ni halmashauri, wala si mtoto wala mwizi. Chromebook, yaani mpakato zenye mfumo wa Google, zinatuonyesha kwamba vitu hivi viwili vinakaa pamoja: shule ikizisajili kwenye akaunti yake ya usimamizi inaweza kumzuia mwanafunzi asiingie katika hali ya wasanidi, inayoruhusu kubadilisha mfumo, na siku ya kuzistaafisha ikaziondoa kwenye usajili na kuziachia. Ufunguo upo, na uko mikononi mwa mwenye mali. Ninachokataa ni ufunguo kubaki kwa mtengenezaji peke yake, ambaye kesho anaweza kufunga duka.

Hata hivyo, Chromebook hizohizo zinaonyesha kwa nini ARM inahitaji sharti la pili. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuongeza muda wa masasisho hadi miaka 10, na hilo nalipongeza. Baada ya muda huo, ya Intel ina bahati, kwa kuwa modeli nyingi zinaweza kubadilishiwa programu ya ubao na kuwa kompyuta ya kawaida inayokubali flashi yoyote. Ya ARM hubaki ikitegemea kama kuna mtu aliyejitolea kuiandikia maelezo yake kwenye keneli. Mashine mbili za rangi moja, zimekaa dawati moja, na mwisho wao hauko sawa. Anayenunua anapaswa kulijua hilo kabla hajatia saini.

Kwa fundi, marahaba, na nakubali mengi. Kadi zinakufa kweli. Sisi tulihamishia mfumo kwenye diski ya SSD ya USB, na tangu hapo sijapoteza kitu. Chaja za simu nimezipiga marufuku maabara. Na kwa shule yenye umeme wa gridi na bajeti ndogo, mtumba wako wa Intel ni chaguo zuri ambalo nisingelizuia. Lakini zipo shule ambazo umeme wao ni paneli mbili juu ya paa. Raspberry Pi 4 hula kama wati 3 ikiwa imetulia na 7 hivi ikifanya kazi kwa nguvu, na moja tu ikiwekwa Kolibri na Kiwix, programu za kusomea masomo na vitabu bila mtandao, inakuwa maktaba ya darasa zima bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili ndani yake. Mpakato wako wa mtumba hula mara kadhaa ya hapo. Anayeishi kwa gridi haoni tofauti hiyo. Anayehesabu betri jioni anaiona.

Kuiacha ARM hakutuokoi pia, kwa sababu inakuja tukitaka tusitake. Simu na vishikwambi ni vyake karibu vyote, na sasa kompyuta mpakato zinafuata. Habari njema ni kwamba inaweza kufugwa. Debian ina toleo rasmi la ARM la biti 64 tangu mwaka 2015. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, ambayo ni ya ARM, ziliacha mlango wa kuweka mfumo mwingine, na watu wa Asahi Linux, mradi wa kuiweka Linux kwenye kompyuta hizo, bila maelezo yoyote ya kiufundi kutoka kwa Apple, walichunguza kifaa kimoja kimoja mpaka Desemba 2023 likatoka toleo la Fedora, aina nyingine ya Linux, linalotumika kwenye M1 na M2. Mpakato ya ThinkPad X13s yenye chipu ya ARM ya Qualcomm nayo imeingia kwenye keneli rasmi. Kilichozifikisha hapo ni mlango ulio wazi na msimbo uliokubaliwa na watunzaji, na hivyo ndivyo vitu viwili ninavyovidai.

Mtu anaweza kusema leseni ya keneli inatosha kutulinda. Haitoshi. Leseni ya GPL toleo la 2 inamtaka anayesambaza atoe msimbo, lakini haimtaki atupe ufunguo wa kuwasha msimbo tuliourekebisha. Toleo la 3 la mwaka 2007 liligusa jambo hilo, ila keneli ilibaki kwenye toleo la 2. Kwa hiyo ulinzi wetu uko kwenye mkataba wa ununuzi, na mkataba tunauandika wenyewe. Napendekeza sifa zinazowekwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ziwe na jaribio hili: mzabuni alete mashine moja, na mbele ya kamati aichomeke flashi au kadi yenye Debian au Ubuntu kama ilivyopakuliwa, isiyoguswa na mtengenezaji wa mashine. Skrini, kibodi na Wi-Fi visipoamka, mzigo usipokelewe.

Mchangiaji wa kwanza, fundi kompyuta:

Mwalimu, kwa jaribio hilo umenivuta nusu ya njia. Ongeza kitu kimoja: baada ya mfumo kupanda, mashine ifunikwe kifuniko, iachwe saa nzima, kisha ifunuliwe mbele ya kamati hiyohiyo. Mpakato nyingi za ARM nilizozishika na Linux zinawaka vizuri asubuhi, tatizo ni kwamba zikilala haziamki, au zinaamka na Wi-Fi imepotea, au unakuta betri imeshuka kana kwamba hazikulala kabisa. Dakika tano mezani hazitaonyesha hilo, na mzabuni anajua.